MAHALI PA KUOGEA NYUMBANI: BENWARI, BESENI NA VUMBI LA MADINI



Umekuja leo kupimisha mutoto wako. Wakati unangojea zamu yako, soma karatasi hii pole pole, ao uombe mwenzako akusomee. Leo tunasema juu ya jambo moja ambalo watu wengi wanaliona dogo: mahali pa kuogea nyumbani.

Labda utasema: "Kuoga tunajua tangu utoto. Sababu gani munganga anatufundisha kuoga?" Ni kweli, mama, unajua. Lakini hapa Kolwezi na katika inchi yote ya shaba, mahali pa kuogea panaweza kulinda mutoto, na panaweza kumuua pia. Panalinda kama pametengenezwa vizuri. Panaua kama maji yamewekwa ovyo, kama moto umewekwa ovyo, kama mutoto ameachwa peke yake dakika chache tu. Basi sikiliza.

1. SABABU GANI KUOGA NI KAZI KUBWA HAPA KWETU?

Muji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka wa 1937 na Union Minière kwa sababu ya shaba. Mwaka wa 1967 serikali ikakamata machimbo, na nyuma yake kampuni ikaitwa Gécamines. Leo makampuni ni mengi, na dunia nzima inatafuta kobalti kwa ajili ya bateri za simu na za motokari. Ni madini yale yale yaliyo chini ya miguu yetu. Mwaka wa 2014 watu wa Kasulo walikuta kobalti ndani ya viwanja vyao, wakaanza kuchimba kando ya nyumba, hata chini ya nyumba.

Madini yakichimbwa, vumbi linatoka. Makamyoni yakipita, vumbi linapanda. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, unafagia asubuhi, na saa sita vumbi limerudi juu ya meza. Katika vumbi lile kuna kobalti na madini mengine ambayo macho hayawezi kuyaona.

Mwaka wa 2018 wataalamu wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mambo waliyoyakuta Kasulo. Walipima mukojo wa watu. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mara 10 kupita watoto waliokaa mbali na machimbo. Watoto wale hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wanacheza tu nyumbani.

Namna gani vumbi linaingia? Mutoto anatambaa chini. Anashika udongo, anaweka vidole kinywani. Anakula kipande cha mukate kilichoanguka. Analala juu ya mukeka wenye vumbi. Ndiyo sababu mutoto mudogo anapata vumbi jingi, hata kama hashuki shimoni.

Kuoga hakutoi madini yaliyokwisha kuingia mwilini. Tusidanganyane. Lakini kunawa mikono, kuoga kila siku na kupangusa nyumba kwa kitambaa chenye maji kunapunguza vumbi linaloingia kesho na kesho kutwa. Mutoto angali anakua. Kila siku unayomukinga ni faida.

2. MAJI GANI YA KUOGA?

Maji ya robine ni mazuri kupita mengine, kama yanapatikana. Maji ya kisima kilichofunikwa, kilicho mbali na choo na mbali na mashimo ya madini, yanaweza kufaa.

Usiogeshe mutoto mahali watu wanaposafishia madini. Wamama wengi wamefanya kazi ile, kwa mufano kule ziwa Malo karibu na Kapata. Maji yale yanaweza kuonekana masafi asubuhi, mbele watu hawajaanza kazi, lakini madini yamebaki katika matope ya chini. Mutoto akiingia, miguu yake inayaamusha.

Wamama wengine wanasema: "Mimi ninayachemusha, haina shida." Hapana, mama. Kuchemusha kunaua vijidudu vya kuhara. Madini hayafi, kwa sababu si vitu vyenye uzima. Ukichemusha maji yenye madini, mvuke unaenda, madini yanabaki ndani ya sufuria.

3. KAMA NYUMBA YAKO INA BENWARI YA ZAMANI

Katika nyumba za zamani za ville, zile zilizojengwa kwa ajili ya wakubwa wa kampuni, nyingi zina benwari. Leo familia nyingi zinakaa ndani ya nyumba hizi. Mara nyingi benwari imechakaa: rangi nyeupe imebanduka, chuma kinaonekana, tundu la chini limeziba, harufu mbaya inapanda usiku. Na kwa sababu maji ya robine yanakuja usiku na kukatika muchana, watu wanaijaza maji na kuifanya pipa.

Jambo hili la mwisho ni la hatari kubwa, nasi tutarudi kulisema mbele.

Kwanza, ile rangi ngumu nyeupe ya benwari za zamani inaweza kuwa na risasi ndani, ile inayoitwa plombi. Risasi inaharibu akili ya mutoto. Kwa hiyo:

– Usikwangue benwari ya zamani ili kuipaka rangi mupya wakati watoto wako karibu. Vumbi lake ni baya.
– Usilowekee mihogo ndani yake, wala usitengeneze munkoyo ndani yake. Chakula chenye uchungu kidogo kinavuta risasi kutoka katika rangi iliyochakaa.
– Usiiweke inje ili watoto wachezee.

Pili, kama munataka kuiondoa, ongeeni na bwana wako, muite fundi anayejua kazi ya maji. Kazi inaenda hivi:

a) Fungeni robine kubwa inayoleta maji ndani ya nyumba.

b) Fungueni tiyo ya maji machafu iliyo chini ya benwari. Wekeni beseni, maana maji meusi yatatoka.

c) Benwari ya zamani ya chuma ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 100. Watu wane wenye nguvu waibebe. Mama mwenye mimba asiinue kitu. Watoto wapelekwe kwa jirani siku ile.

d) Tazameni chini yake. Mara nyingi mutakuta kwamba tiyo ilipasuka tangu zamani, na maji machafu yalikuwa yanaingia katika musingi wa nyumba. Tiyo itengenezwe kwanza, kisha mambo mengine yafuate.

e) Sasa muchague: benwari mupya ao dushi? Fanyeni hesabu. Benwari ikijaa inakula karibu litre 150 za maji, ndiyo bidoni karibu 8 za litre 20. Mutu mukubwa anaweza kuoga vizuri na ndoo moja. Mutoto mudogo anatosheka na litre 10 ndani ya beseni. Kwa familia inayochota maji, ao inayongojea maji ya usiku, dushi na beseni vinafaa kupita benwari. Si aibu kuondoa benwari. Ni akili.

f) Kama munatengeneza dushi, simenti ya chini iinamie kwenye tundu: kila metre 1, ishuke santimetre 2. Ikiinama kidogo kupita hapo, maji yatasimama. Ikiinama sana, mutu atateleza. Musilainishe simenti kama kioo. Ibaki na ukwaruzo kidogo, hasa kwa ajili ya mama mwenye mimba na nyanya wa nyumba.

g) Fundi aweke sifoni, ile tiyo iliyopindwa ambayo inabakiza maji kidogo ndani yake. Maji yale yanazuia harufu na mende kupanda. Nyumba nyingi zina harufu kwa sababu sifoni iliondolewa, ao kwa sababu imekauka.

h) Kama mumechagua benwari mupya, isimame sawa sawa, isitikisike. Mbele ya kuziba nafasi kati yake na ukuta, ijazwe maji kwanza, kwa sababu uzito wa maji unaishusha kidogo. Ukiziba ikiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga itapasuka pembeni, na maji yataingia ukutani.

i) Mbele ya kumulipa fundi, mwageni ndoo tatu za maji na mutazame chini. Kukiwa kukavu, kazi ni nzuri. Maji yakivuja, fundi arudilie.

4. KAMA HAKUNA BENWARI WALA DUSHI

Familia nyingi za cité zinaogea nyuma ya nyumba, ndani ya kiwigo cha magunia ao cha mabati. Si vibaya. Vibaya ni matope. Maji yanayosimama yanazaa mbu, yanaleta nzi, na mutoto anakuja kuchezea pale pale. Unaweza kutengeneza mahali pazuri bila feza nyingi.

Chagua mahali. Pawe mbali na kisima, metre 30 kama inawezekana, na kisima kiwe upande wa juu, si upande maji yanaposhukia. Usijenge juu ya udongo uliochimbwa chini. Na ile shimo ya zamani ya madini iliyo kiwanjani, usiigeuze kuwa shimo la maji machafu. Maji yanalegeza udongo, shimo linaweza kubomoka na kumeza mutu, na uchafu unashuka moja kwa moja katika maji ya visima.

Tengeneza sakafu. Metre 1 kwa metre 1 na santimetre 20 inatosha. Panga mawe, uyapige yakaze. Changanya ndoo 1 ya simenti, ndoo 2 za muchanga na ndoo 3 za mawe madogo. Mwaga unene wa santimetre 8, uinamie upande mumoja. Funika na magunia yenye maji, uyamwagilie kila siku kwa siku 7. Simenti iliyokauka mbio mbio inapasuka.

Angalia sana muchanga. Usikubali muchanga wa bure unaotoka katika mabaki ya machimbo ao ya usine. Ni mwembamba na muzuri kwa macho, lakini ni vumbi la madini lile lile tunalolikimbia. Ukijengea mahali pa kuoga na muchanga ule, umeleta machimbo nyumbani.

Chimba shimo la kunyonya maji. Liwe mbali kidogo na ukuta wa nyumba, metre 1 upana, metre 1 na nusu urefu wa kushuka. Lijaze mawe makubwa chini na madogo juu, kisha ufunike. Tiyo ilete maji kutoka sakafuni. Maji ya kuoga yasiende katika choo, kwa sababu choo kitajaa upesi.

5. KUOGESHA MUTOTO

Mutoto aliyezaliwa sasa hivi asiogeshwe siku ile. Ngojea saa 24. Mupanguse, mukaushe, umuweke juu ya kifua chako, ngozi kwa ngozi. Ule weupe ulio juu ya ngozi yake si uchafu, unamulinda. Nyanya akisema, "Mutoto iko na uchafu, tumuogeshe," mujibu kwa heshima: "Mama, munganga alituomba tungojee mpaka kesho."

Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1,400. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kali asubuhi na magaribi. Ogesha mutoto karibu na saa sita ya muchana, wakati jua limepasha.

Fanya hivi kila mara:

– Tayarisha vitu vyote kwanza: sabuni, kitambaa cha kukaushia, nguo safi. Ukisha kuanza, hutatoka tena.
– Mwaga maji ya baridi kwanza ndani ya beseni, kisha ongeza ya moto. Ukianza na ya moto, iko siku utasahau.
– Pima na kiwiko cha mukono, si na vidole. Vidole vya mama vimezoea sufuria, havisikii moto vizuri.
– Maji yasipite santimetre 10.
– Mukono mumoja ushike mutoto sikuzote.
– Osha vidole, kucha na mikunjo ya shingo, mahali vumbi linapojificha.
– Ukimaliza, mwaga maji mara moja, ugeuze beseni.

Beseni la mutoto liwe la mutoto tu. Nguo za machimbo zisifuliwe ndani yake.

6. HATARI NNE ZA MAHALI PA KUOGEA

Hatari ya kwanza ni maji yaliyowekwa. Hapa tunarudi kwenye benwari iliyojazwa maji usiku. Tuseme mama mumoja amejaza benwari saa nane ya usiku. Asubuhi anawasha moto inje. Mutoto wa mwaka mumoja na nusu anatembea pole pole, anaona maji, anainama ili aguse. Kichwa cha mutoto mudogo ni kizito kupita miguu. Anaanguka. Hatalia, mama. Mutoto anayezama hapigi kelele, kwa sababu kinywa chake kiko ndani ya maji. Dakika chache zinatosha, na maji ya santimetre chache yanatosha.

Basi usifanye benwari kuwa pipa. Weka maji ndani ya bidoni zenye kufungwa, ao ndani ya pipa refu lenye mufuniko muzito. Kama hakuna njia ingine, mulango wa chumba kile ufungwe na komeo ya juu, sikuzote, hata kama unatoka kidogo tu. Usimuachie mutoto wa miaka saba kazi ya kuchunga mudogo wake ndani ya maji. Yeye pia ni mutoto.

Ukimukuta mutoto ndani ya maji: mutoe, ita watu. Kama hapumui, mulaze chali, inua kidevu kidogo, mupulizie pumzi 5 kinywani. Kisha sukuma katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, bila kuacha, huku wengine wanatafuta njia ya kumufikisha hospitali. Usimuninginize kichwa chini. Unapoteza wakati wake.

Hatari ya pili ni maji ya moto. Ndoo ya maji ya moto isiwekwe chini hata kidogo wakati mutoto anatembea. Akiungua, mwagilia maji baridi masafi kwa dakika 20, mufunike na kitambaa safi, umulete. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga.

Hatari ya tatu ni mbabula. Wakati wa baridi wamama wengine wanaingiza mbabula ya makala katika chumba cha kuogea na kufunga mulango. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mama anasikia kichwa kinauma, analegea, anaanguka pamoja na mutoto. Mbabula ibaki inje. Pasha maji inje, uyalete ndani.

Hatari ya ine ni umeme. Wengi wanapasha maji na resistansi inayotumbukizwa ndani ya ndoo. Usiguse maji mbele ya kuichomoa ukutani, na usiitumie mahali mutoto anaweza kufika. Katika chumba cha kuogea kusiwe waya wazi ao priza karibu na maji.

7. BABA AKIRUDI KUTOKA SHIMONI

Baba anapofika, watoto wanamukimbilia, naye anataka kuwabeba. Ni furaha nzuri, isizimwe, lakini ingojee kidogo. Weka ndoo ya maji na sabuni inje, mbele ya mulango. Avue viatu na nguo za kazi pale, aoge, avae nguo zingine, ndipo abebe mutoto. Nguo za kazi zisipigwe-pigwe ndani ya nyumba. Zilowekwe peke yake na kufuliwa peke yake.

Mwambie kwa upole. Usiseme, "Wewe ni muchafu." Sema, "Baba ya mutoto, maji yako iko tayari." Atasikia vizuri zaidi.

Na wewe mama, kama unafanya kazi ya kusafisha ao kuchagua madini, fanya vile vile: nawa mikono na kifua mbele ya kunyonyesha. Usiache kunyonyesha. Maziwa yako yangali ni chakula kinachopita vyote kwa mutoto. Na kama una mimba, sema kazi yako kwa mukunga siku ya CPN. Usiogope, hatakugombeza. Anahitaji kujua ili akufuate vizuri.

KUMBUKA, MAMA:

Vumbi linaingia kwa mikono: nawisha mutoto mbele ya kula.
Kuchemusha hakutoi madini.
Muchanga wa mabaki ya machimbo haujengi nyumba ya mutoto.
Maji baridi kwanza, maji ya moto nyuma.
Benwari si pipa.
Mbabula ibaki inje.
Mutoto aliye ndani ya maji haachwi, hata kama mutu anabisha hodi, hata kama simu inalia.

Ukirudi nyumbani leo, usianze na simenti wala tiyo. Anza na jambo moja tu: tazama maji yamewekwa wapi, na ujiulize kama mutoto wako anaweza kuyafikia. Kama anaweza, yafunike leo, mbele jua halijashuka. Mengine yatafuata pole pole. Na siku ya kupima watoto ikirudi, tuambie umefanya nini, ili wamama wengine wajifunze kwako.